Narisiti kemia nimekwama: molariti na oksidesheni namba, majibu yangu hayalingani na ya kitabu

binti_kaunta

Wakuu kwema? Naombeni msaada kabla sijakichana hiki kitabu. Mi narisiti kemia mwaka huu kama mtahiniwa wa kujitegemea, fom foo nilimaliza zamani kidogo, bailojia na fizikia nilivuka kwa D za kubahatisha ila kemia nikala F, na saivi nataka niende chuo nikasome uuguzi na kemia wanaitaka. Sina ticha. Tuisheni ya huku kwetu ni jioni na jioni ndo duka linachangamka, maana mchana kutwa niko kaunta kwenye duka la dawa la shangazi na hapohapo ndo nasomea, mteja akiingia nafunga daftari akitoka nafungua, kwahiyo mnisamehe nikichelewa kujibu.

Swali la kwanza: gramu 5.3 za sodiamu kaboneti (Na2CO3) zimeyeyushwa, maji yakaongezwa mpaka solusheni ikafika cm3 500, tafuta molariti, yani ukali wake. Nimechukua 5.3 nikagawa kwa 106 (Mr yake, yani gramu za moli moja) nikapata 0.05. Kitabu nyuma kinasema 0.1.

La pili linaendelea hapohapo, cm3 25 za hiyo solusheni zimemalizwa na cm3 20 za haidrokloriki asidi, tafuta molariti ya asidi. Hapo nilichukua hiyo 0.1 ya kitabu, nikaona bora nikubali yaishe, nikaingia kwenye kanuni nikapata 0.0625. Kitabu 0.25. Yani hata kukaribiana hakuna.

La tatu ni oksidesheni namba, ile chaji tunayoihesabia kila atomu kwenye fomula. Manganizi kwenye KMnO4 nimepata +7 na kitabu +7, nikafurahi nikajua nimeiva. Kuja kwenye K2Cr2O7, kromiamu nimepata +12, kitabu +6. Halafu ile salfeti, SO4 yenye chaji ya 2-, salfa nimepata +8, kitabu tena +6.

Kanuni zote nimeziandika kwenye karatasi nimeibandika ukutani pembeni ya kalenda, nazijua kwa kichwa. Sasa nakosea wapi? Au kitabu ndo kimekosewa, maana chenyewe ni fotokopi ya fotokopi.

mzee_wa_shoti

Kitabu kiko sawa dada, wewe ndo umechemka hahaha. Usijichoshe na maelezo mengi, shika shotikati:

Molariti = gramu x 1000 ÷ (Mr x cm3). Juu 5300, chini 106 x 500 = 53000, jibu 0.1, imeisha hiyo.

Taitresheni (kumaliza besi kwa asidi) ni MaVa/MbVb = na/nb, M ni molariti, V ni ujazo, n ni namba ya kwenye mlinganyo, a ni asidi, b ni besi ambayo hapa ni kaboneti. Kaboneti moja inakula HCl mbili, ile 2 ni ya asidi wewe umeipeleka kwa besi. Ma = 0.1 x 25 x 2 ÷ 20 = 0.25.

Oksidesheni: oksijeni siku zote -2, haidrojeni siku zote +1, jumla iwe sifuri. Fanya maswali ishirini leo usiku kesho utakuja kutushukuru. Mi nilipata B kwa shotikati hizihizi na mpaka leo sijui moli ni mdudu gani.

mwalimu_wa_chaki

Mzee wa shoti namba zako ziko sawa, sibishi. Ila huyu binti ameshasema kanuni zipo ukutani anazijua kwa kichwa na bado amefeli maswali matatu, ukimpa nyingine atabandika chini ya zile za mwanzo na kesho atarudi hapa na jibu jingine la ajabu.

Mdogo wangu, tuache kitabu kidogo. Hapo nyuma yako kabatini zipo pakti za ORS, si ndiyo? Chukua moja uisome mgongoni. Ile fomula ya Shirika la Afya Duniani ina chumvi ya kawaida gramu 2.6, glukosi gramu 13.5, potasiamu kloraidi 1.5 na sitireti 2.9, jumla gramu 20.5, na imeandikwa ni ya maji lita moja. Sasa mama mwenye mtoto anaharisha akija unamwambiaje? Unamwambia achanganye lita moja nzima, asipunguze asizidishe. Kwanini unamkazania hivyo na wakati pakti ni ileile? Kwa sababu akiimwaga kwenye kichupa cha nusu lita, chumvi iliyomo haijaongezeka hata chembe lakini mtoto anakunywa kitu kikali mara mbili. Sodiamu inatakiwa iwe millimoli 75 kwa lita, hapo itakuwa 150, na huyo mtoto tayari kapungukiwa maji unamwongezea chumvi. Akiimwaga kwenye ile chupa ya lita moja na nusu itakuwa 50, imepooza.

Hayo ndiyo mambo ya molariti na wewe unayafanya kila siku, tena ukikosea shangazi anakugombeza.

Rudi sasa kwenye swali lako. 5.3 ÷ 106 = 0.05, hiyo ni sahihi kabisa, ila ni jibu la swali ambalo hakuna aliyekuuliza. Hizo ni moli zilizomo (moli ni kipimo cha wingi wa chembe, kama dazeni kwa mayai), yani umenitajia pakti. Mimi nauliza umeichanganya kwenye maji kiasi gani. Moli 0.05 ziko ndani ya cm3 500 ambayo ni nusu lita, kwenye lita nzima zingekuwa 0.1. Basi. Na gramu kwa lita ni hivyohivyo, 5.3 kwenye nusu lita ni 10.6 kwenye lita, na 10.6 ukigawa kwa 106 unarudi palepale 0.1. Njia mbili zimekutana, ujue uko salama.

Kosa lako lilikuwa hujaandika yuniti. Ungeandika "moli 0.05" ungeona mwenyewe kwamba bado hujafika kwenye "moli kwa lita". Nikisahihisha madaftari hili naliona mpaka nachoka, mtu anaacha namba uchi.

La pili. Andika kwanza mlinganyo, usiruke:

Na2CO3 + 2HCl → 2NaCl + H2O + CO2

Soma kwa Kiswahili: kaboneti moja inamezwa na asidi mbili. Kwenye cm3 25 za kaboneti kuna moli ngapi? 0.1 x 25 ÷ 1000 = 0.0025. Kila moja inataka asidi mbili, kwahiyo asidi iliyodondoka ilikuwa moli 0.005. Hizo moli zilikuwa zimekaa kwenye cm3 20, yani lita 0.020. 0.005 ÷ 0.020 = 0.25. Hakuna cha na wala nb wala nani akae juu.

Halafu hata kabla hujapiga hesabu, jibu la 0.0625 lingetakiwa likunukie vibaya. Asidi kidogo (20) imemaliza besi nyingi (25), na bado kila besi moja imekula asidi mbili. Asidi ya namna hiyo itakuwaje nyepesi kuliko besi? Lazima iwe kali zaidi ya mara mbili ya 0.1. Ukishajua jibu liwe juu ya 0.2, hata ukigeuza kanuni kwa bahati mbaya utashtuka mwenyewe.

Oksidesheni nitarudi, napigiwa kengele.

binti_kaunta

Mwalimu ubarikiwe, nimeichukua pakti kweli nimeisoma, imeandikwa hivyohivyo, yani nimeziuza hizi miaka yote sijawahi kugeuza nyuma.

Ila kuna kitu bado kinanisumbua na naona aibu kuuliza. Ile solusheni ilikuwa 500, sisi tumechota 25 tu. Mbona tunaendelea kusema ni 0.1? Si tumepunguza?

mwalimu_wa_chaki

Hilo swali zuri na darasani wanaliogopa wote. Ukipika mchuzi sufuria zima ukachota upawa mmoja ukaonja, chumvi ya kwenye upawa ni kidogo kuliko ya sufuria, ila ukali ulimini ni uleule. Molariti ni ukali. Moli ni chumvi yenyewe. Ulipochota 25 moli zimepungua, zimebaki 0.0025 kutoka 0.05, ukali haujaguswa. Ungeongeza maji kwenye huo upawa hapo ndo ukali ungeshuka.

mkono_wa_kahawia

Mimi ni mtu wa maabara ya shule, miaka mingi naosha bureti (ile mirija ya kupimia yenye koki chini) za watoto wa watu. Nimependa huu uzi ngoja nichangie upande wa vitendo maana dada kwenye vitendo utaingia tu, na mtahiniwa wa kujitegemea mara nyingi anashika bureti kwa mara ya kwanza siku ya mtihani wenyewe, mikono inatetemeka mpaka huruma.

Kwanza, "maji yakaongezwa mpaka ikafika 500" sio "weka maji 500". Watu wanapima maji 500 wanamwagia unga, wanasema si yaleyale. Sio yaleyale. Unayeyusha kwanza kwenye bika kwa maji kidogo, unahamishia kwenye ile flaski ya shingo ndefu yenye mstari, unasuuza bika na masuuzo unayamimina humohumo (ukiyamwaga umemwaga moli zako), halafu unaongeza maji mpaka kwenye mstari, mwisho mwisho unadondosha tone tone. Jicho liwe usawa wa mstari. Kinachopimwa ni solusheni nzima ikishakamilika.

Pili, pipeti (ile ya kuchotea cm3 25) suuza kwa besi, bureti suuza kwa asidi, ila ile flaski ya chini unayotikisa suuza kwa maji matupu TU. Nimeona mtoto anasuuza flaski na besi "ili iwe safi zaidi", pale pembeni yanabaki matone ya besi ambayo hayamo kwenye hesabu ya 25, asidi inatumika nyingi kuliko inavyotakiwa, na jibu linaharibika wakati hesabu zake zote ziko sawa. Maji ya kawaida kwenye hiyo flaski hayana neno hata yakibaki, kwa sababu moli za besi ulizodondosha na pipeti ni zilezile.

Tatu, toa faneli juu ya bureti ukimaliza kujaza. Inadondosha yenyewe katikati ya kazi. Angalia na lile povu la hewa pale chini ya koki, fungulia litoke kabla hujasoma namba ya kuanzia.

Methili oranji, ile rangi ya kukuonyesha besi imeisha, kwenye besi ni ya njano, unadondosha asidi huku unatikisa, ikianza kuona haya kidogo, rangi ya chungwa inayokaa bila kurudi, SIMAMA. Ikiwa nyekundu kabisa umepitiliza. Ile ya kwanza ya majaribio usiiweke kwenye wastani, mfano umepata 20.60 ya majaribio, halafu 20.00, 20.10, 19.90, wastani ni wa hizo tatu za mwisho, 20.00.

Sasa oksidesheni, mwalimu akiwa bado kwenye kengele nimsaidie. Jina langu la humu linatokana na potasiamu paramanganeti. Hiyo dukani kwenu ipo, vile vijiwe vyeusi vinavyong'aa wanavyopewa watu waloweke miguu yenye vidonda. Ukiiweka kwenye maji inakuwa zambarau, hapo manganizi ni +7 kama ulivyopata. Ikikugusa mkononi baada ya muda inageuka kahawia na sabuni haitoi, hiyo kahawia ni manganizi dayoksaidi, MnO2, piga hesabu: oksijeni mbili ni -4, kwahiyo manganizi sasa ni +4. Imeshuka kutoka +7 hadi +4 kwa kunyang'anya elektroni kwenye ngozi yangu. Na nikitaka kuitoa nasugua kidonge cha vitamini C kilichosagwa na maji kidogo, inaondoka, manganizi inashuka tena mpaka +2 ambayo haina rangi ya kuonekana na inayeyuka inaondoka na maji. Hata ndimu inasaidia ila polepole. Ukitaka uione kwa macho, weka chembe MOJA kwenye glasi ya maji mpaka iwe pinki tu, dondoshea vitamini C iliyoyeyushwa, rangi inapotea hapohapo kama uchawi. Glasi hiyo usiirudishe jikoni.

Sasa makosa yako. K2Cr2O7: potasiamu mbili +2, oksijeni saba -14, zinabaki +12 za kusawazisha. Hiyo 12 umepata vizuri. Lakini ni ya kromiamu MBILI, gawana, +6 kila mmoja. Kwenye KMnO4 ulipatia kwa sababu manganizi iko peke yake, hakukuwa na wa kugawana naye. Na salfeti: x + 4(-2) haiwi sifuri, inakuwa -2, kwa sababu ile sio kitu kizima ni ioni, yani chembe yenye chaji yake. x - 8 = -2, x = +6.

binti_kaunta

Weee! Kumbe kromiamu niliacha njiani tena. Yani kwenye moli niliacha njiani, na huku nimeacha njiani. Na salfeti nilidhani kila kitu lazima kiwe sifuri maana karatasi yangu ya ukutani imeandikwa "jumla = 0".

Paramanganeti nimeijaribu sasa hivi nyuma ya duka na kidonge cha vitamini C kilichovunjika. IMEPOTEA KWELI. Shangazi kanikuta kaniuliza unaharibu mali kwa faida ya nani.

dawa_si_pipi

Mwanafunzi wa famasi hapa, mwaka wa pili, kemia ilinitesa sana kwahiyo nakuelewa dada.

Nataka nimsahihishe mzee wa shoti sehemu moja, aliposema oksijeni SIKU ZOTE -2. Sio siku zote mkuu. Dada chukua ile chupa ya haidrojeni paroksaidi mnayouza ya kusafishia vidonda. H2O2. Haidrojeni mbili ni +2, jumla sifuri, kwahiyo oksijeni mbili ni -2, gawana (somo la kromiamu hilohilo), kila moja -1. Ukiiweka kwenye kidonda inafoka povu, lile povu ni gesi ya oksijeni. Kinachotokea:

2H2O2 → 2H2O + O2

Angalia oksijeni ilivyofanya. Zote zilikuwa -1, nusu zikashuka zikawa -2 kwenye maji, nusu zikapanda zikawa 0 kwenye gesi, maana elementi ikiwa peke yake bila kuungana na elementi nyingine ni sifuri. Nilipoelewa hiyo ndo nikaelewa kwanini tunahangaika na hizi namba, zinakuonyesha elektroni zimetoka kwa nani zimeenda kwa nani, bila hizo ungeona povu tu.

Na haidrojeni nayo sio +1 siku zote, ikikaa na metali kama kwenye NaH inakuwa -1. Ila hiyo fom foo haiji mara kwa mara, ijue tu isije ikakushtua.

Lingine hili si la mtihani, ni la usalama, maana umesema uko na shangazi mtakuwa mnasafisha duka na choo. Ile dawa ya kung'arishia nguo ina NaClO, klorini yake ni +1, hesabu mwenyewe. Baadhi ya dawa za kusafishia choo zina HCl, klorini yake ni -1. Mtu akizichanganya ili "ziwe na nguvu" klorini ya +1 na ya -1 zinakutana katikati kwenye sifuri, na klorini ya sifuri ni gesi yenyewe ya klorini, ile inayochoma mapafu. Kuna jirani yangu alitolewa chooni anakohoa machozi yanamtoka, alichanganya mwenyewe kwenye ndoo, na mlango kaufunga.

mzee_wa_shoti

Haya nimekubali, "siku zote" nimeifuta. Ila na nyie mjue pepa lina muda wake, hamuwezi kukaa mnawaza mchuzi na povu la kidonda dakika kumi swali moja.

mwalimu_wa_chaki

Hakuna aliyesema asitumie njia fupi. Aifupishe mwenyewe baada ya kuipita ile ndefu mara kadhaa, siku akisahau ana pa kurudi. Wewe B yako ulipata, nakupongeza, lakini wangapi wa darasa lako walikariri hivyohivyo wakageuza 2 kama alivyogeuza huyu?

Binti, chukua haya matatu ufanye, usiangalie ukutani:
i) Una haidrokloriki asidi ya 2 M (moli 2 kwa lita), unataka utengeneze cm3 250 za 0.1 M. Utachukua kiasi gani?
ii) Salfa kwenye Na2S2O3.
iii) Naitrojeni kwenye NH4NO3, ile mbolea.

binti_kaunta

Nimechelewa jana kulikuwa na foleni, watu wote wa mtaa huu wamepata mafua siku moja.

i) Ninachotaka kutengeneza kina moli ngapi: 0.1 x 0.250 = moli 0.025. Nimeandika yuniti mwalimu umeona. Hizo moli lazima zitoke kwenye ile kali, ambayo lita moja ina moli 2, kwahiyo 0.025 ÷ 2 = lita 0.0125, yani cm3 12.5. Nikajiuliza inanukia vizuri? Kutoka 2 kwenda 0.1 ni kupunguza mara ishirini, na 250 ÷ 20 = 12.5. Inanukia.

ii) sodiamu mbili 2+, oksijeni tatu 6-, salfa mbili wanabaki 4+, GAWANA, 2+ kila moja.

iii) Hii nimekwama kidogo. Haidrojeni nne 4+, oksijeni tatu 6-, naitrojeni mbili zinatakiwa 2+, nimegawana nikapata 1+. Lakini roho haijatulia, maana naitrojeni moja iko na haidrojeni na nyingine iko na oksijeni, hazifanani maisha yao.

mkono_wa_kahawia

"Hazifanani maisha yao" nimecheka peke yangu maabara.

Nyongeza ya ile i): hiyo 12.5 unaipima kwa bureti usikadirie kwa macho, na kwenye flaski tanguliza maji kidogo ndo uweke asidi, kisha ongeza maji mpaka kwenye mstari. Kwa 2 M ukianza na asidi hutaona madhara yake, ila ukija kushika asidi ya salfuriki ile nzito kabisa ukamwagia maji juu yake inachemka palepale inakurukia usoni, ndo maana unazoea tangu mapema: asidi ndani ya maji.

mwalimu_wa_chaki

i) Sahihi, na ulivyojihakiki nimeipenda kuliko jibu lenyewe.

ii) Sahihi. Ukifika fom saiksi watakuambia salfa hizo mbili nazo hazifanani maisha, moja iko katikati nyingine iko pembeni, lakini kwa sasa wastani wa +2 unatosha na ndiyo wanaoutaka.

iii) Roho yako ina akili kuliko kalkuleta yako. Ile 1 ni wastani wa watu wawili tofauti. Ivunje chumvi kwenye ioni zake kwanza. NH4 ina chaji ya +, kwahiyo x + 4 = +1, x = -3. NO3 ina chaji ya -, x - 6 = -1, x = +5. Wastani wa -3 na +5 ni hiyo +1 yako, ndo maana hesabu ilikubali, ila ndani ya mbolea hiyo hakuna naitrojeni hata moja yenye +1. Ukiona elementi moja imekaa sehemu mbili tofauti kwenye fomula moja, na fomula inavunjika kuwa ioni mbili, vunja.

Kitu kimoja cha kukunyima maksi bure: umeandika 2+, 6-, 4+. Hiyo ni namna ya kuandika chaji ya ioni, kama Mg2+. Oksidesheni namba alama inatangulia: +2, -6, +4. Msahihishaji mwenye roho nzuri atakuachia, mwingine hatakuachia.

binti_kaunta

Sawa mwalimu, alama mbele. Nimebandua ile karatasi ya ukutani naandika nyingine, "jumla = 0" nimeifuta nimeweka "jumla = chaji yake".

Kuna mama kaja na mtoto anataka ORS, ana kichupa cha soda cha nusu lita mkononi. Ngoja kwanza nishughulike naye.